Betri ya GPS ya Gari: Namna ya Kuitunza Inapokaa Bila Kutumika



Somo la robo hii linahusu kifaa kidogo ambacho kamati nyingi zinacho, lakini hakikumbukwi mpaka siku ya safari: GPS ya gari. Siku hizi simu nyingi zinafanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana GPS za zamani hukaa kabatini miezi mingi. Hata hivyo bado zina faida. Hazihitaji salio wala mtandao wa simu, hubaki na gari hata dereva anapobadilika, na nyingi zimehifadhi alama za visima, zahanati na shule zilizojengwa kwa michango ya watu. Kifaa kisipowaka, alama hizo hazipatikani kwa urahisi.

Lengo la somo: baada ya kulisoma, kila kamati iweze kuhifadhi kifaa chake kwa utaratibu, bila gharama yoyote ya ziada.

1. Kwa nini betri hufa ikiwa imepumzika?

Wengi wetu tunaamini kuwa kitu kisichotumika hakichakai. Kwa betri si hivyo. GPS nyingi za gari hutumia betri ya lithiamu. Betri hii hupoteza chaji kidogo kidogo yenyewe, na kifaa nacho, hata kikiwa kimezimwa, huendelea kunyonya umeme kidogo wa kuendesha saa yake. Ikiachwa miezi mingi, volti hushuka chini ya kiwango cha usalama, na saketi ya ulinzi hukata umeme. Ikikaa hivyo muda mrefu zaidi, betri huharibika ndani na haiwezi tena kupokea chaji.

Kosa la upande wa pili ni kuihifadhi ikiwa imejaa kabisa. Betri iliyojaa huwa na msukumo mkubwa ndani yake, nao huiharakisha kuzeeka. Kwa makadirio yanayotumika sana katika fani ya betri, betri ya lithiamu iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 25 ikiwa imejaa hubaki na uwezo wa takriban asilimia 80. Ikihifadhiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na takriban asilimia 96. Kwenye joto la nyuzi 40 hali ni mbaya zaidi: iliyojaa hubaki na asilimia 65, na ile ya asilimia 40 hubaki na asilimia 85.

Hapa tunapata kanuni mbili: chaji nusu, na mahali pa baridi.

Ile desturi ya kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji tena ilitokana na betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Kwa betri ya lithiamu haina faida, bali inaichosha.

2. Joto na chumvi ya pwani

Sisi tulio Michenzani tunajua jua la kipindi cha kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Gari lililoegeshwa juani huwa na joto ndani kuliko nje, na mahali pabaya kuliko pote ni juu ya dashibodi, nyuma ya kioo cha mbele. Hapo ndipo GPS nyingi huachwa. Mkifika safari, ondoeni kifaa pamoja na kishikio chake. Hii inapunguza pia kishawishi cha wezi.

Adui mwingine ni unyevu wenye chumvi. Huleta kutu ya kijani kwenye tundu la kuchajia, na baadaye mnadhani betri imekufa kumbe umeme haupiti. Hifadhini kifaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Msikiweke ndani ya friji, kwa sababu kikitolewa hutokwa jasho la maji.

3. Umeme unapokatika na kurudi

Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi Mei 2008 kisiwa kiliingia gizani kwa takriban mwezi mmoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilirudi kwa muda wa miezi mitatu. Maji nayo yalikuwa shida, kwa kuwa pampu hutegemea umeme. Waya mpya wa megawati 100, uliofadhiliwa na Marekani, ulizinduliwa mwaka 2013.

Siku kama hizo zinatufundisha kujua mapema jinsi ya kuchaji bila umeme wa nyumbani:

- Kwenye gari, washeni injini kwanza, ndipo mchomeke waya wa GPS kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Wakati wa kuwasha injini volti hupanda na kushuka ghafla.
- Chomoeni waya safari ikiisha. Katika baadhi ya magari tundu hilo hubaki na umeme hata ufunguo ukitolewa, na kifaa kidogo kinaweza kumaliza betri kubwa ya gari.
- Jenereta ndogo inaweza kutoa umeme usiotulia. Pitisheni kwenye stebilaiza, au subirini gari.
- Umeme wa nyumbani ukikatika, chomoeni chaja. Umeme unaporudi unaweza kuja na msukumo mkubwa.

4. Kifaa kinapoamshwa

GPS iliyolala miezi mingi huchelewa kujua ilipo, na watu hudhani ni mbovu. Setelaiti zake huzunguka umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya dunia, na kifaa kilichosahau ratiba yake kinaweza kuhitaji dakika 12 na nusu kuipokea yote upya. Kipelekeni mahali pa wazi na mkiache kimetulia. Karibu na majumba marefu ya Michenzani, yale ya mpango uliosaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, kuta huzuia mawimbi au kuyarudisha, na kifaa huweza kuonesha mmesimama mtaa mwingine. Sogeeni kwenye uwanja.

Angalieni tarehe pia. Mfumo wa GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza upya, na hesabu hiyo ilirudi sifuri mwezi Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani huonesha tarehe ya miaka mingi iliyopita mpaka programu yake isasishwe. Kamati inayoandika taarifa ya ziara kwa wafadhili isinakili tarehe hiyo bila kuihakiki.

5. Betri iliyovimba

Mkiona kifaa kimepasuka kwenye maungio au kioo kimeinuka, betri imevimba. Msiichaji, msiitoboe, wala msiitupe kwenye takataka zinazochomwa, kwani inaweza kuwaka moto. Iwekeni kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba na mbali na watoto, kisha mtafute fundi anayezifahamu.

6. Utaratibu wa kila robo mwaka

Tunapendekeza siku jarida hili linapowafikia iwe ndiyo siku ya ukaguzi:

- Toeni kifaa, futeni vumbi, angalieni kutu na uvimbe.
- Kiwasheni nje na mthibitishe kuwa kinaonesha mahali sahihi.
- Rudisheni chaji hadi nusu, yaani vijisanduku viwili kati ya vinne, kisha mkizime kabisa.
- Andikeni tarehe na jina la aliyekagua kwenye daftari la vifaa.
- Nakilini humo latitudo na longitudo za kila mradi. Michenzani, kwa mfano, ipo takriban nyuzi 6 dakika 10 kusini, na nyuzi 39 dakika 12 mashariki. Kuweni makini: kukosea dakika moja ni kupotea karibu kilomita 2.

Chaji kamili iwekwe usiku wa kuamkia safari tu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kifaa chetu kipo wapi leo, na mara ya mwisho kiliwashwa lini?
2. Nani ana ufunguo wa kabati, na nani atashika kazi hii asipokuwepo?
3. GPS ikikataa kuwaka kesho, je, tunaweza kukifikia kila kisima kwa kutumia daftari peke yake?
4. Ni vifaa gani vingine vya betri, kama tochi, redio au simu ya ofisi, vinavyostahili utaratibu huu?

Vifaa hivi vilinunuliwa kwa sadaka za watu, wengine wa mbali na wengine majirani zetu. Tunawaomba makatibu watujulishe matokeo ya ukaguzi wa kwanza kabla ya toleo lijalo. Mtunza mali hutunza na kidogo.