Kabla Binti Hajapanda Ndege: Somo Juu ya Simu na Walio Ughaibuni

Katika toleo hili tunataka tujifunze pamoja juu ya jambo ambalo limeingia karibu kila kijiji chetu hapa Matungu. Watoto wetu wanaenda kufanya kazi Saudia, Qatar, Dubai na Oman. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kishindwe na madeni na benki ikakitia mikononi mwa msimamizi wake mwaka wa 2019, nyumba nyingi ambazo miwa ilikuwa inazilipia karo zimetafuta njia nyingine. Hatutaki kubishana hapa kama ni vizuri kwenda au la. Anayetaka kwenda ataenda. Swali letu ni hili: akishafika huko, mtajuaje kama yu mzima?

Baba mmoja wa upande wa Koyonzo alikuja ofisini kwetu ameshika simu yake kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa Saudia mwezi wa tano sasa, na kwa wiki tatu kila ujumbe aliomtumia kwa WhatsApp ulibaki na tiki moja. Akatuuliza, "Hii tiki moja, maana yake amekufa?"

Tukamweleza kwamba tiki moja maana yake ni ujumbe haujafika kwenye simu ya mwenzako. Pengine simu imezimwa, pengine hana data, pengine imeharibika. Tiki mbili maana yake umefika. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Halafu tukamwuliza: anafanya kazi kwa nani? "Kwa Mwarabu." Mji gani? "Saudia." Nambari ya pasipoti? "Iko kwa simu ya msichana." Na ajenti aliyempeleka? Walikuwa wanamwita Madamu tu, na nambari yake ilikuwa haiingii tena.

Tulikaa kimya kidogo. Ubalozi wetu uko Riyadh, na kazi yake ni pamoja na kusaidia watu wetu. Lakini utauambia nini? Kwamba kuna msichana wa Koyonzo kwa Mwarabu?

Wakati tunahangaika, habari zilikuwa zimeshatembea. Mtu akampigia mama yake, akajiita ofisa, akasema binti yuko jela na anatakiwa shilingi 40,000 atolewe. Mama aliuza mtamba. Pesa zikaenda. Baada ya wiki saba msichana mwenyewe akapiga kwa simu ya mwenzake: hakuwa jela hata siku moja, mwajiri alikuwa amechukua simu yake. Mtamba haukurudi.

Kutokana na kisa hicho tumejifunza kwamba mawasiliano na aliye ng'ambo yanatengenezwa nyumbani kabla ya safari, na yanaanza na karatasi. Sisi wenyewe tulikosea hapo. Tulikuwa tunapiga picha za pasipoti na mikataba na kuziweka kwa simu ya ofisi, na ile simu ikaibwa sokoni. Sasa tuna daftari. Kila nyumba iwe na lake pia: nambari ya pasipoti, nakala ya mkataba, jina kamili la mwajiri na simu yake, jina la kampuni ya ajenti hapa Kenya na ya kule, na tarehe ya kuondoka. Ajenti mwenyewe aulizwe leseni yake, kisha iangaliwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ajenti anayekataa kumpa mzazi jina la mwajiri, huyo tayari amewajibu.

Anwani ni ngumu kwa sababu msichana huletwa usiku kwa gari na hajui mtaa. Lakini kule kuna alama za kusoma. Saudia nyumba zina anwani fupi ya herufi nne na tarakimu nne, mara nyingi iko kwenye kibao cha ukutani karibu na geti. Dubai kuna nambari ya Makani, yenye tarakimu kumi, mlangoni. Anapotoka kutupa takataka siku ya kwanza aisome na kuituma. Pia WhatsApp inaweza kutuma mahali ulipo kwenye ramani. Afundishwe kubonyeza hapo kabla hajaondoka, si siku ya shida.

Sasa tuje kwa laini. Wengi wakifika kule hutupa laini ya Kenya. Hili ni kosa kubwa. WhatsApp, M-Pesa na barua pepe nyingi humtambua mtu kwa kutuma namba za siri kwenye laini ile. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huifunga na baadaye humpa mtu mwingine. Kwa hivyo, awashe huduma ya romingi kabla ya kuondoka, yaani ile ya laini ya hapa kushika mtandao wa nje, na awe anaweka salio kidogo na kuitumia mara kwa mara. Data atanunua kwa laini ya kule, lakini WhatsApp itabaki kwa nambari yake ya nyumbani bila matatizo. Tena aweke ile PIN ya tarakimu sita ndani ya WhatsApp. Laini ya Saudia husajiliwa kwa kitambulisho cha ukaaji, iqama, na alama za vidole, kwa hiyo wiki za kwanza huenda asiwe nayo. Wazazi wasishtuke mapema.

Si kila nchi inaruhusu mambo sawa. Katika Falme za Kiarabu, simu za WhatsApp huzuiwa kwenye mitandao ya kawaida, lakini maandishi na ujumbe wa sauti hupita. Wengi huko hupiga kwa BOTIM, ambayo imeruhusiwa. Zile programu za kujificha, VPN, tunaziogopa: sheria ya huko ya mwaka 2021 inaweka faini ya kuanzia dirhamu 500,000 kwa anayezitumia kufanya kosa. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 17. Ujumbe wa sauti unatosha.

Kuhusu saa, Saudia, Qatar na Kuwait ni sawa na sisi. Dubai na Oman wametutangulia saa moja. Msichana wa kazi humaliza usiku sana, kwa hiyo mama anayempigia saa moja jioni anamtafutia maneno na mwajiri. Chagueni siku na saa. Wakati wa Ramadhani nyumba hukesha mpaka daku, ratiba ikabadilika.

Kuna familia moja ya Khalaba iliyotufundisha jambo ambalo sasa tunalifundisha wengine. Walikubaliana na binti yao kwamba akiuliza, "Ng'ombe mweusi amezaa?" wajue yuko taabani na hawezi kusema. Nyumbani hawana ng'ombe mweusi. Wana pia swali moja ambalo ni yeye tu anaweza kujibu. Ofisa wa uongo akipiga, aulizwe.

Mwisho ni picha na video. Kupiga picha watoto wa mwajiri au ndani ya nyumba yake na kuzitia TikTok kunaweza kumpeleka mtu kortini. Na malalamiko nayo yana njia yake. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Qatar, aliandika kwenye intaneti kwa jina la kubuni juu ya maisha ya wafanyakazi wahamiaji. Alikamatwa Mei 2021, akawekwa peke yake karibu mwezi mzima, akatozwa faini ya riyali 25,000, na akaondoka nchini humo Agosti. Hatusemi alikosea, kwani wengi walikuwa wakipitia aliyoyaandika. Tunasema msichana aliye peke yake ndani ya nyumba ya watu aanze na familia, ubalozi na Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora kule Nairobi, na ushahidi wake autume nyumbani ukahifadhiwe.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Ni nani katika kijiji chetu yuko ng'ambo, na ni nani nyumbani kwake anajua jina la mwajiri wake? Nambari gani za simu unazijua kwa kichwa, bila kuangalia? Nyumbani kwenu, mtamwuliza mtoto swali gani kwa simu mkawa na hakika ni yeye?