Watu wa Frere Town na Makabila Yao

Inapofanywa hesabu ya watu, karani hupita nyumba kwa nyumba, naye huuliza jina, umri na kabila. Swali la umri huwasumbua wazee waliozaliwa kabla ya kuwako vyeti, lakini la kabila hujibiwa upesi. Katika vijiji vingi vya Kenya jibu huwa moja kutoka nyumba ya kwanza hata ya mwisho, na karani huweza kulijua kabla hajaketi. Hata hivyo viko vijiji ambavyo neno moja halitoshi. Kimojawapo ni Frere Town, kilichojengwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini, katika mwaka 1875. Mwenye kutaka kufahamu maana ya hesabu ya makabila, na mahali hesabu hiyo inapokwama, atajifunza mengi katika habari za kijiji hiki.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba na Serikali ya Kiingereza, ambao ulikataza kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyovunja sheria hiyo. Ndipo likatokea jambo gumu: watu waliotolewa ndani ya majahazi wapelekwe wapi? Makwao kulikuwa mbali, safari ya miezi kadhaa kwa miguu, na njia za kwenda huko zilikuwa mikononi mwa wafanya biashara wale wale waliowauza. Watoto wengi hawakuweza hata kutaja jina la mto wa kwao. Kwa hiyo Chama cha Misioni cha C.M.S. kilimleta Mombasa padre William Salter Price, aliyekuwa amewalea Waafrika waliokombolewa katika kituo karibu na mji wa Nasik, Bara Hindi. Price alinunua shamba, akajenga kijiji, akakiita kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja katika mwaka 1873 kwa ajili ya mkataba ule. Mwaka ule ule wa 1875 manowari iliyoitwa Thetis ilishusha hapo watu zaidi ya 200 kwa mara moja.

Basi katika kijiji kimoja kidogo walikutana watu wa namna mbali mbali. Wa kwanza walikuwa Waafrika wa Bombay. Hao walikamatwa utotoni, wakakombolewa baharini, wakapelekwa Bara Hindi, wakafundishwa kusoma, useremala, uhunzi na dini ya Kikristo. Waliporudi Afrika walikuwa na majina kama Jones, Semler na David, wakijua Kiingereza na lugha za Kihindi, na wengine wao walikuwa wamekwisha sahau lugha za mama zao. Kwa damu walikuwa watu wa bara la kusini. Kwa malezi walikuwa karibu wageni. William Jones na Ishmael Semler walipewa daraja ya ushemasi katika mwaka 1885, na mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Askofu alipouawa huko Busoga, ni Jones aliyewarudisha wapagazi hata pwani.

Mwingine wa kundi hilo alikuwa Matthew Wellington. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe, naye alikuwa Myao. Aliuzwa akiwa mtoto, akaokolewa na manowari, akasomeshwa Nasik. Katika mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa watu waliopelekwa Unyanyembe kumsaidia Dokta Livingstone, na Livingstone alipofariki katika mwaka 1873 yeye alikuwa mmoja wa wale walioichukua maiti yake mpaka pwani. Baadaye alikaa Mombasa na Frere Town, akafa mwaka 1935. Karani angeandika nini juu ya mzee huyu? Neno Myao lingekuwa kweli. Lakini lisingeeleza kwa nini Myao huyo aliitwa Wellington, wala kwa nini maisha yake yote ya utu uzima hakuyaishi katika nchi ya Wayao.

Wa pili, nao ndio wengi, walikuwa wale walioshushwa moja kwa moja kutoka majahazini. Hao walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Inafaa kusimama kidogo penye neno hili Wanyasa. Watu wa pwani walimwita Mnyasa karibu kila mtu aliyetoka nchi za Ziwa Nyasa, awe Mchewa, Mmang'anja au Mtumbuka. Kwa kweli halikuwa kabila bali jina la njia aliyopitia mtu. Mtoto wa miaka 6 aliyeulizwa kabila lake jahazini hakujibu yeye. Alijibiwa na wakubwa waliomzunguka, na jibu hilo likaandikwa, likawa ndilo kabila la wajukuu wake.

Majirani nao walikuwa na majina yao. Wakazi wa Frere Town waliitwa mateka, neno lisilopendeza kwa mtu aliyekwisha pewa uhuru, na wengine waliwaita Wamisheni. Wazungu wa misioni walikuwa wachache mno kwa hesabu, lakini amri zote zilikuwa zao. Malalamiko juu ya viboko walivyopigwa wakaaji yalifika mpaka London katika mwaka 1881, na haya si mambo madogo katika kijiji kilichoanzishwa kwa jina la uhuru. Watu wa Mombasa wenye watumwa waliwashutumu wamisionari kwa kuwaficha watoro wao, hata mwaka 1880 ikasemwa wazi kwamba Frere Town itavamiwa. Kengele ya kijiji ilikuwa ya kuwaonya watu hatari ikija, na mahali iliposimama pakaitwa Kengeleni. Shauri la watoro lilikuwa kubwa zaidi huko Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa Kampuni ya I.B.E.A. aliwapa hati za uhuru watu zaidi ya 1,400, na wenyewe wakalipwa fidia.

Kizazi cha pili kilibadilisha mambo. Myao alimwoa Mmakua, mtoto wa Bombay alimwoa Mnyasa, na ndani ya nyumba kilisemwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo wote. Desturi ya makarani ni kufuata kabila la baba, kwa hiyo asili ya mama ilipotea daftarini ingawa haikupotea jikoni. Mwalimu James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa Myao aliyekombolewa, aliandika habari za watu hawa katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyejulikana Kenya nzima na kufariki mwaka 2025, alikuwa wa ukoo huo huo.

Msomaji aweza kudhani kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Sivyo. Katika siku za ukoloni sheria iliwagawanya watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mtu alilipa kodi, alihukumiwa na kupata ardhi kwa kufuata upande alioandikwa. Ndiyo sababu Waswahili wa Mombasa walishindana kwa miaka mingi na Serikali juu ya jina la kuandikiwa. Hata baada ya Uhuru wa mwaka 1963 jambo halikwisha. Wamakonde, waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani, walikaa wazazi na watoto bila vitambulisho, mpaka walipofunga safari kwenda Nairobi katika mwaka 2016 kumwona Rais. Mwaka uliofuata wakaanza kuhesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua hesabu benki, wala kupiga kura, wala kuandikwa kazi ya Serikali.

Majina yenyewe ya makabila nayo hayakai mahali pamoja. Hesabu za zamani zilisema Wanyika, yaani watu wa nyikani, jina walilopewa na watu wa mjini. Wenyewe walijijua kuwa Wagiriama, Waduruma, Wadigo, Warabai, Waribe, Wachonyi, Wajibana, Wakambe na Wakauma, na katika miaka ya 1940 wakakubaliana kuitwa Mijikenda. Mtu akilinganisha daftari la kale na la sasa, ataona Wanyika wametoweka na Mijikenda wametokea, na hali hakuna hata mmoja aliyehama.

Kwa sababu hiyo mwenye kusoma hesabu ya kijiji chochote hufanya vema kutazama kwanza nani aliyeuliza, na orodha ya majina ilitungwa na nani. Hesabu ya Kenya humwandika mtu mahali alipolala usiku ule. Mvuvi aliyelala ufukoni mwa kijiji cha wengine huhesabiwa huko, na kijana wa Frere Town anayefanya kazi Nairobi huhesabiwa Nairobi.

Frere Town haikubaki kijiji. Shule ya dini iliyoanzishwa hapo katika mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mji wa Mombasa ulivuka maji, mashamba yakawa nyumba, na jina likawa la wadi mojawapo ya Nyali, yenye watu wa kila pembe ya Kenya. Kengele ingali imesimama karibu na barabara kuu, na makondakta wa matatu huita jina lake mchana kutwa.