Kwenda Delhi Kumchukua Mtoto wa Kuasili: Ufungashe Nini

Habari ikienea kwamba CARA, mamlaka ya India inayosimamia uasili wa watoto, imeridhia, ndugu na marafiki wataanza kuleta nguo. Pokea, shukuru, kisha nyingi ziache nyumbani. Mtoto aliyelelewa kituoni mara nyingi ana umbo dogo kuliko umri wake, kwa hiyo usiamini miezi iliyoandikwa kwenye ukosi, uliza uzito. Pea nne au tano zinatosha. Za ziada zipo soko la Sarojini Nagar kwa bei rahisi, na nepi zinauzwa kwenye maduka ya dawa.

Kanga mbili, hizo usiziache. Utambebea, utamfunika, utamtandikia pa kumbadilishia nepi.

Kinachostahili kukuumiza kichwa ni karatasi: amri ya kuasili, cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya India ya mtoto, na cheti kinachothibitisha kuwa uasili ulifuata Mkataba wa The Hague wa 1993. Zikae kwenye begi la mkononi, nakala kwenye begi la mwenzako, picha zake kwenye simu. Wanaoishi Marekani huchukulia viza ya mtoto ubalozini New Delhi, baada ya mtoto kupimwa na daktari aliyeidhinishwa. Kagua majina herufi kwa herufi siku ile ile unayokabidhiwa karatasi. Sisi ambao ni Mohamed wa m moja kwenye cheti na m mbili kazini tunajua taabu yake.

Tiketi ya kurudi iwe ya kubadilika tarehe, maana ofisi hazifuati kalenda yako, na Desemba na Januari ukungu wa Delhi huchelewesha ndege. Mtoto anasafiri kwa pasipoti ya India hata kama yako ni ya Marekani. Uliza mapema kama mnakobadilishia ndege wanamdai viza ya kupitia. Akitimiza miaka 2 kabla ya kurudi, hapakatwi tena, atalipiwa kiti chake.

Sasa maziwa. Siku ya kukabidhiwa mtoto, mtafute mlezi anayemlisha, si mkurugenzi, umuulize: kopo gani, vijiko vingapi, chuchu ya tundu kubwa au dogo, anayapenda ya moto kiasi gani? Mwombe akulishie mbele yako. Nunua maziwa hayo hayo ya kutosha safari na wiki kadhaa za nyumbani, ndipo uyabadilishe kidogo kidogo. Kila kitu kingine kimembadilikia, harufu, lugha, kitanda. Tumbo liachwe kwanza.

Unga wa maziwa hauji bila vijidudu, kwa hiyo uchanganye na maji yaliyochemka ambayo bado yana nyuzijoto 70 au zaidi, kisha uipoze chupa kwenye maji baridi. Yaliyokaa saa mbili bila kunywewa, mwaga. Kwa ndege, pima unga wa kila mlo kwenye vikopo vikavu. Maji ya moto utaomba kwa wahudumu. Piga hesabu kwa saa za mlango hadi mlango, uongeze nusu yake. Ndege ikishuka mpe chupa anyonye, masikio yasiume. Na weka fulana yako ya akiba: atakayetapikiwa ni wewe.

Dawa zisizidi kipima joto, pakiti za ORS, mafuta ya nepi na paracetamol ya watoto. Hiyo ya mwisho isome vizuri, kwani nguvu ya matone hutofautiana nchi na nchi. Kipimo hufuata uzito, na daktari akuandikie kabla hujaondoka.

Kabla ya kupanda ndege, waandikie watakaowapokea. Waje wachache, waje na kiti cha mtoto kilichokwisha kufungwa garini, na asimpakate mtu kwa sasa ila nyinyi wazazi. Shangazi atanuna. Mpe kazi ya kupika.