Siku ya Choo Duniani: Tucheke, Kisha Tukague

Kalenda ya dunia imejaa siku za kila namna. Ipo siku ya kicheko, Jumapili ya kwanza ya Mei, iliyoanzia India mwaka 1998. Ipo siku ya kunawa mikono, tarehe 15 Oktoba, tangu mwaka 2008. Na ipo moja ambayo ukiitaja mezani watoto wataangua kicheko na bibi atakukemea: Siku ya Choo Duniani, tarehe 19 Novemba. Katika somo la mwezi huu tutajifunza ilikotoka siku hiyo na namna familia inavyoweza kuiadhimisha.

Ilianzaje?

Tarehe 19 Novemba 2001, Jack Sim, mfanyabiashara wa Singapore, alianzisha shirika la kimataifa la kushughulikia vyoo. Kifupi cha jina lake kwa Kiingereza, WTO, ni kilekile cha Shirika la Biashara Duniani. Watu walicheka, na kicheko kilisaidia, kwa maana jambo tunaloona aibu kulitaja hatulitengenezi. Tarehe hiyo ikawa siku ya choo, isiyo rasmi. Mwezi Julai 2013 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliifanya kuwa siku rasmi.

Hapa Tanzania tulikuwa tumekwisha kuanza. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu pamoja. Walipomaliza kusikiliza walishika majembe wakachimba vyoo. Ndiyo maana ya siku kama hizi: hotuba bila jembe haimponyi mtu.

Kwa nini choo?

Kinyesi hubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, pamoja na mayai ya minyoo. Vijidudu hivyo hufika kinywani kwa mikono, nzi, maji na chakula. Mtoto mdogo anayeharisha hupoteza maji na chumvi upesi, na anaweza kufa asipopata msaada mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuiadhimisheje nyumbani?

1. Tukague choo chetu. Twende sote, baba, mama na watoto. Je, sakafu ni imara na inasafishika? Tundu lina mfuniko? Mlango unafungwa? Shimo liko angalau meta 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko? Zipo nyumba ambako choo hutiwa kufuli kikimsubiri bwana afya, na wenyewe huenda migombani. Hicho si choo, ni pambo.

2. Tutengeneze kibuyu chirizi. Chukua kidumu cha lita 5, kitoboe tundu dogo karibu na mdomo, kining'inize kwenye mti, kisha funga kamba hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Weka sabuni karibu. Anayetoka chooni anawe bila kushika kidumu.

3. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Wengi hudhani hakina madhara. Sivyo, nacho hubeba vijidudu. Mama akimaliza kumsafisha mtoto, anawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

4. Tuwaulize wasiosema. Bibi mwenye magoti mabovu huweza kupunguza kunywa maji ili asiende chooni. Fundi anaweza kumtengenezea kiti chenye tundu katikati. Msichana aliyevunja ungo anahitaji mlango unaofungwa, maji, na mahali pa kutupia pedi. Asipovipata shuleni, huweza kubaki nyumbani siku zake.

5. Tujue kumsaidia mtoto anayeharisha. Changanya pakiti ya dawa ya chumvi na sukari (ORS) katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Nyingi ni za lita 1. Mnyweshe kidogo kidogo, na asiachishwe kunyonya wala kula. Mhudumu wa zahanati atampa pia vidonge vya zinki. Mpeleke bila kukawia ukiona damu katika choo chake, macho yameingia ndani, analegea, anatapika kila kitu, au anashindwa kunywa.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani nyumbani kwetu anayepata shida kutumia choo, na je, tulipata kumwuliza?
2. Watoto wetu wananawa wapi wakitoka chooni shuleni?
3. Ni jirani gani asiye na nguvu za kuchimba ambaye tunaweza kumchimbia shimo kabla ya mvua?

Basi, tarehe 19 Novemba watoto wakicheka, tusiwanyamazishe. Tucheke nao, kisha tuwape fagio, maji na majivu, nasi tushike jembe.