SOMO: MAJINA YA BENDI YANAYOCHOMA

Wanafunzi wenzangu, jina ni jambo jepesi kulitamka, lakini uzito wake huonekana baadaye. Natujifunze habari hiyo kwa bendi mbili za ng'ambo.

Panki ni muziki wa roki wa haraka na makelele, uliovuma New York na London katikati ya miaka ya 1970. Vijana walioupiga walipenda kuwashtua wakubwa, na jina la bendi lilikuwa silaha yao ya kwanza: lilisomwa ukutani kabla gitaa halijasikika.

Mfano wa kwanza. Mwaka 1978, mjini San Francisco, Marekani, ilianzishwa bendi iitwayo Dead Kennedys, yaani "Akina Kennedy Waliokufa". Rais John F. Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963, na ndugu yake Robert mwaka 1968. Watu wengi walichukizwa, hata mara nyingine bendi ikapiga kwa jina la bandia. Mwimbaji wake, Jello Biafra, alijitetea kwamba hakukusudia kuitukana jamaa ile, bali kuonyesha kuwa matumaini ya Wamarekani yalikufa pamoja nao. Jina lake mwenyewe pia alilitunga: "Jello" ni chakula kitamu kipendwacho na watoto wa Marekani, "Biafra" ni jimbo lililojitenga na Nigeria mwaka 1967 hadi 1970, ambako watu wengi mno walikufa kwa njaa. Shibe na njaa katika jina moja! Maana yake twaiona. Lakini je, mama wa Biafra aliyemzika mwanawe angalilipokeaje jina hilo?

Mfano wa pili. Mjini Calgary, Kanada, vijana wanne wapigao muziki uliotokana na panki walijiita Viet Cong, jina la wapiganaji wa vita ya Vietnam iliyokwisha mwaka 1975. Mwezi Machi 2015 onyesho lao katika chuo cha Oberlin, Marekani, lilifutwa kwa ajili ya jina hilo. Watu wenye asili ya Vietnam walisema lawakumbusha mateso ya jamaa zao. Vijana walikiri kwamba walilichagua bila kuijua vema historia ya vita ile. Hawakulazimishwa na sheria. Walisikiliza, na mwaka 2016 wakajiita Preoccupations.

Twajifunza nini? Wa kwanza walikuwa na neno la kusema, wakalijibia. Wa pili waliazima msiba wa wengine kama pambo. Kukusudia mema hakutoshi, maana jina likishatoka huwa pia la anayelisikia. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Maswali
1. Kwa nini bendi ya pili ilibadili jina?
2. Kama wewe ungekuwa Jello Biafra, ungelibadili lako? Toa sababu.
3. Kabla ya kuipa timu au bendi yako jina, utamwuliza nani?