Somo la Simu: Namba ya Siri ni Mali Yako



Katika kisomo tulianza na a, e, i, o, u. Baadaye tukasoma mizani. Tukasoma stakabadhi za mazao. Tukaandika barua bila kumtafuta mtu wa kutuandikia. Faida yake tunaijua sote. Mkulima anayesoma mizani haibiwi kilo zake kirahisi.

Siku hizi pesa nyingi za mazao hazipokelewi mezani kwa karani. Zinapita benki au zinaingia kwenye simu. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, na kwetu Tanzania mwaka 2008. Mwizi naye amehama. Zamani alisimama kwenye mizani. Siku hizi anakaa mahali tusipopajua, anaandika ujumbe, anangoja.

Kwa hiyo somo letu la leo ni simu. Tumechukua maneno sita ambayo watu huyasema gulioni, kisimani, kilabuni na kwenye foleni ya wakala. Tutayapima moja moja kama tunavyopima pamba. Lenye uzito tutalishika. Lisilo na uzito tutalitupa.

NENO LA KWANZA: "Kwenye simu kuna chuma ulete."

Watu wengine pesa zikipotea kwenye simu husema, "Hii ni chuma ulete, nimefanyiwa dawa." Je, ni kweli?

Pesa ya kwenye simu haitoki kwa dawa. Inatoka kwa amri. Amri hiyo ni namba ya siri. Kila pesa inapotoka, kampuni ya simu huandika katika kumbukumbu zake: siku gani, saa ngapi, kiasi gani, imekwenda namba gani. Wewe nawe hupata ujumbe. Ujumbe huo ni stakabadhi yako. Usiufute.

Anayesema "chuma ulete" hatafuti stakabadhi. Anakwenda kwa mganga, na huko anatoa pesa nyingine. Anayejua kusoma anafungua ujumbe, anaona saa na namba, kisha anakwenda kuuliza. Hapo ndipo mwizi huanza kuonekana.

NENO LA PILI: "Namba yangu ya siri anaijua mjukuu wangu. Sina wasiwasi."

Mzee anasema hivyo kwa sababu anampenda mjukuu wake. Upendo ni mzuri. Lakini mjukuu ana rafiki, na rafiki ana rafiki yake. Namba ya siri ikijulikana na wawili si ya siri tena.

Hebu tufanye hesabu. Namba ya siri yenye tarakimu 4 ina nafasi 4. Kila nafasi inaweza kuwekwa tarakimu 10, yaani 0 mpaka 9. Basi:

10 × 10 × 10 × 10 = 10,000

Ziko namba 10,000 za kuchagua. Mtu asiyejua chochote atapata taabu kubwa kuibahatisha yako, na akikosea mara chache simu inamkatalia. Sasa tuseme wewe umeweka mwaka wako wa kuzaliwa, 1968. Jirani anayejua mwaka huo hahitaji kubahatisha mara 10,000. Anahitaji mara moja tu! Kadhalika 1234 na 0000. Hizo ndizo namba ambazo kila mwizi huanza nazo.

Basi chagua namba ambayo si mwaka, si 1234, wala si tarakimu za mwisho za simu yako. Usiiandike nyuma ya simu. Kama macho hayaoni vizuri, msaidizi akubonyezee mambo mengine yote, lakini namba ya siri ibonyeze mwenyewe. Kwenye simu ya kitochi, tarakimu 5 iko katikati, na simu nyingi zina kijinundu hapo. Kwa kidole unaweza kuhesabu kutoka kwenye 5 hata usipoona.

Wakala pia asiijue. Wakala mwema haiulizi.

NENO LA TATU: "Kidole gumba ni cha wasiojua kusoma."

Neno hili lilikuwa na maana zamani. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nia mojawapo ilikuwa watu wazima waache wino wa kidole gumba na waandike majina yao. Mtu aliyeweka dole gumba hakujua karatasi imesema nini. Huenda aliuza shamba akidhani anapokea mbegu.

Sasa kidole kimerudi. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa. Profesa anaweka kidole, na sisi tunaweka kidole. Hakuna aibu hapo. Lakini hatari ni ile ile ya zamani: kuweka kidole bila kujua umeweka juu ya nini.

Wako wasajili wasio waaminifu. Unaweka kidole, anasema, "Haijasoma, weka tena." Unaweka. "Tena kidogo, mama." Unaweka. Umeondoka na laini moja, naye amebaki na laini nyingine yenye jina lako. Laini hiyo ikitumiwa kutapeli watu, polisi wataona jina la nani? Jina lako.

Dawa yake ipo. Bonyeza *106# kwenye simu yako na ufuate maelekezo. Utaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho. Ukiona laini usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni hiyo ya simu pamoja na kitambulisho chako, wakaifunge. Ukisajili laini tena, uliza kila mara: "Kidole hiki ni cha nini?" Ndiyo haki yako.

NENO LA NNE: "Aliyepiga alijua jina langu. Basi ni mtu wa kampuni kweli."

Tusome mazungumzo haya. Someni wawili wawili, mmoja awe Mpigaji, mwingine awe Mama.

Mpigaji: Halo, shikamoo mama. Nakupigia kutoka makao makuu ya kampuni ya simu.
Mama: Marahaba baba. Kuna nini tena?
Mpigaji: Laini yako inafungwa leo saa kumi. Usajili haujakamilika.
Mama: Hee! Na pesa zangu zimo humo!
Mpigaji: Usihofu mama. Nakutumia ujumbe wenye namba. Nisomee tu hizo namba, nami nitakurekebishia.

Hapa tusimame. Mama akisoma namba zile, amempa mgeni ufunguo wa nyumba.

Tuangalie ujanja uliotumika. Kwanza, heshima: ameamkia vizuri. Pili, hofu: laini inafungwa. Tatu, haraka: leo, saa kumi. Mtu mwenye hofu na haraka hafikiri. Tapeli anajua hivyo.

Na jina amelipata wapi? Ukianza kumtumia mtu pesa kwa simu, jina la mwenye namba hutokea kabla hujakubali. Tapeli huandika namba yako, husoma jina lako, kisha hukatisha. Hana uchawi, wala hana kazi makao makuu.

Ukipigiwa hivyo, kata simu. Kisha piga mwenyewe 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako. Kama tatizo lipo kweli, watakuambia.

Upo na ujumbe ule unaojulikana nchi nzima: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Watu huuliza, "Alijuaje kwamba nilikuwa nataka kutuma pesa?" Hakujua. Alitupa wavu. Tuseme ametuma ujumbe huo kwa watu 1,000. Watu 999 wameupuuza. Mmoja siku hiyo alikuwa kweli anataka kumtumia mwanawe ada ya shule Sh. 80,000. Akadhani mwanawe amebadili namba, akatuma. Tapeli amepata Sh. 80,000 kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo kabla ya kutuma, mpigie mwanao kwa namba unayoijua, usikie sauti yake.

Mwingine hukuandikia kwamba amekutumia Sh. 150,000 kwa makosa, akulilie umrudishie. Usirudishe kwa huruma. Angalia salio lako kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia, ni maneno matupu yaliyoandikwa kwa namba ya kawaida. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie mwenyewe apige kampuni yake, kampuni ndiyo irudishe.

NENO LA TANO: "Sheria ya mtandao ni ya watu wa mjini."

La, hasha. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Inahusu udanganyifu kwa kompyuta, kujifanya mtu mwingine, na mambo mengine. Simu nayo imo. Kwa hiyo tapeli anayejiita ofisa wa kampuni anavunja sheria hiyo, awe mjini au kijijini.

Lakini sheria ni panga lenye makali pande mbili. Kifungu cha 16 kinamgusa anayesambaza habari akijua kuwa ni za uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kupotosha watu. Ilipotungwa, adhabu iliwekwa kuwa faini isiyopungua Sh. 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wako wanasheria na waandishi wa habari waliosema tangu mwanzo kwamba kifungu hiki ni kipana mno na kinaweza kuwatisha hata wasema kweli. Mnaweza kulijadili jambo hilo darasani, kwani raia ana haki ya kuijadili sheria ya nchi yake. Lakini wakati mnajadili, kumbukeni kwamba ipo.

Tuseme umepata ujumbe kwenye kundi la kijiji: "Jirani fulani ameiba mbuzi, mpigeni." Usiupeleke mbele. Kusema "mimi nimetuma tu, sikuandika" ni neno jepesi. Jirani akipigwa hadi akaumia, ujumbe wako utakuwa umesaidia kumpiga.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina lako, namba ya kitambulisho chako, picha yako, habari za afya yako: hizo ni taarifa binafsi. Anayezichukua anapaswa kukueleza anazitaka kwa kazi gani. Ziko programu za mikopo kwenye simu kubwa ambazo huchukua namba za ndugu zako wote, na ukichelewa kulipa huwatumia ujumbe wa kukuaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Basi kabla kijana wako hajakopa huko, muulizeni: mkopeshaji huyu ana leseni?

NENO LA SITA: "Nikitapeliwa nitanyamaza. Ni aibu."

Neno hili ndilo linalowalisha matapeli. Walimu wanatapeliwa, maaskari wanatapeliwa, mahakimu wanatapeliwa. Aibu ni ya aliyeiba.

Mwenye kunyamaza hupoteza mara mbili. Hupoteza pesa, na humwacha jirani yake bila kuonywa. Mwanamke aliyetapeliwa pesa za kikundi cha kuweka na kukopa, akinyamaza, kesho wenzake watasema amezila yeye. Akisema mapema na kuonyesha ujumbe, kikundi kitamwamini na kitamsaidia.

Fanya haya, tena haraka:

1. Piga 100. Eleza pesa imekwenda namba gani, uombe izuiwe. Dakika za mwanzo zina maana, kwa sababu tapeli hukimbilia kutoa pesa.
2. Tuma ujumbe wa utapeli kwenda 15040, kisha taja namba iliyoutuma. Namba hiyo imewekwa kwa kazi hiyo.
3. Nenda polisi. Chukua simu yako yenye ujumbe wote. Usifute kitu.
4. Waambie wenzako, ili wavu usiwanase nao.

Hatuwezi kuahidi kwamba pesa itarudi. Mara nyingine hairudi. Lakini laini ya tapeli ikifungwa, umemwokoa mtu usiyemjua.

MANENO YA KUKUMBUKA

Laini: kadi ndogo inayoipa simu namba yake.
Salio: kiasi kilichobaki.
Muamala: tendo la kutuma, kupokea, kuweka au kutoa pesa.
Tapeli: mtu anayeiba kwa maneno ya uongo.
Taarifa binafsi: habari zinazokutambulisha wewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tapeli hupenda kukuharakisha?
2. Mume na mke wajuane namba za siri au wasijuane? Kila upande utoe sababu zake.
3. Katika kijiji chenu, pesa za mazao huingia mwezi gani? Mfanye nini kabla ya mwezi huo ili matapeli wasiwawahi?
4. Kifungu cha 16 kinamlinda nani? Je, kinaweza kumwonea nani?

KAZI YA KUFANYA

Fungua ujumbe wa mwisho wa pesa katika simu yako. Usome mwenyewe, polepole, usimpe mtoto. Andika katika daftari: kiasi, jina, tarehe, saa na salio. Kisha toa na ujumlishe uone kama salio ni sahihi. Halafu badili namba yako ya siri kama ni mwaka wa kuzaliwa. Hiyo usiiandike daftarini, wala usimwonyeshe mwalimu.

Elimu haina mwisho. Tukutane katika somo lijalo.