Malaria Iliyokuzoea

Jumatatu alfajiri, kabla matatu za Barabara ya Jogoo hazijaanza kupigiana honi, soko la Burma jijini Nairobi huwa limeshachangamka. Nyama imeshushwa, mashoka yanalia juu ya magogo, na wale waliosafiri Ijumaa kwenda nyumbani wamerudi na mabasi ya usiku, macho mekundu, koti jeupe tayari mwilini. Mmoja wao alikuwa amekesha siku mbili kwenye matanga huko Siaya. Nilimuuliza kama alibeba neti. Akaweka kisu chini ili acheke vizuri. "Ndugu yangu, mimi malaria imenizoea. Hiyo ni ya watoto wenu wa Nairobi."

Alisema kweli zaidi ya alivyojua. Mtu aliyekulia kando ya ziwa, akaumwa na mbu wenye vimelea kila msimu tangu utotoni, mwili wake hujifunza kuvibana vimelea visizidi kiasi cha kumwangusha. Kuvibana tu, si kuvimaliza. Vinabaki kwenye damu, vichache, kwa wiki au hata miezi, naye anapasua mifupa ya ng'ombe kama kawaida. Baadhi yavyo hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, na hivyo ndivyo mbu anavyovingoja. Akinyonya damu hiyo, vinapandana tumboni mwake, na wiki moja au mbili baadaye huyo mbu anaweza kumwambukiza mtoto wa jirani. Kwa hiyo malaria ikikuzoea, imekufanya ghala lake.

Ghala hilo ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 uliwapima watoto majumbani, wagonjwa kwa wazima, kuanzia miezi 6 hadi miaka 14. Nchi nzima vimelea vilipatikana kwa karibu asilimia 6 yao. Katika kaunti za ukanda wa ziwa, karibu asilimia 19. Na ng'ambo ya mpaka, Nagongera katika wilaya ya Tororo nchini Uganda, watafiti waliwafuatilia wanakijiji na kuwalisha mbu wa maabara damu yao ili waone ni ya nani inayoambukiza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya mbu yalitokana na watu wasiokuwa na dalili yoyote, ingawa vimelea vyao vilionekana kwa darubini. Wagonjwa wenye homa hawakufikia hata asilimia 1, kwa kuwa mwenye homa hutafuta dawa mapema. Watoto wa miaka 5 hadi 15 peke yao walichangia zaidi ya nusu.

Sasa usikimbie kubadilisha bucha. Nyama haiambukizi malaria, wala mkono ulioishika. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na baridi yake ya Juni na Julai hurefusha muda ambao kimelea kinahitaji kukomaa ndani ya mbu, hivyo mbu wengi hufa kabla ya kuwa hatari. Rafiki yangu wa Burma hatawaambukiza wateja wake. Atakaowaambukiza ni watu wa nyumbani kwao, zile siku mbili za matanga, akiwa amejilaza nje bila neti huku mbu wakimnyonya, ili wiki moja au mbili baadaye wawaume wapwa zake.

Basi mbinu inaanza kabla ya kukata tiketi. Beba neti yako. Usitegemee ya nyumbani, kwa sababu ukifika na watoto watatu, neti za pale zitagawanywa kwa mpango unaojulikana: mtoto mchanga na mama yake wanapata, nyanya anapata, na wavulana na wasichana wa shule wanatandikiwa mkeka sebuleni bila chochote. Wale wa sebuleni ndio wa miaka 5 hadi 15. Ukitaka ushauri mmoja tu kutoka kwenye makala haya, ni huo: neti ya ziada ipeleke sebuleni. Chukua pia kamba na misumari minne, maana neti nyingi hubaki kabatini kwa kukosa pa kufungia. Usiku wa matanga, pale ambapo hakuna atakayekubali kuingia kulala saa tatu, vaa mikono mirefu, soksi, na upake dawa ya kufukuza mbu. Haitoshi kama neti, lakini inapunguza.

Watoto waliozaliwa hapa Nairobi, Kaloleni au Makongeni, wana shida nyingine. Wao malaria haijawazoea hata kidogo. Wakiumwa na mbu mwenye vimelea wakati wa likizo ya Desemba, wataugua kweli, na wanaweza kuugua vibaya. Hata wewe mzazi wao, ukiwa umekaa jijini miaka kumi na mitano, ile kinga unayojisifia imepungua, kwa kuwa hudumu kwa kuumwa mara kwa mara. Wazee wa Ugenya na Butere waliohamia jijini wakiwa vijana hushangaa wanaporudi na kulazwa. Zungumza na daktari au mfamasia kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga kwa watoto hao. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asisafiri bila kumuuliza daktari wake, na mama mjamzito vivyo hivyo: vimelea vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma, mama akijiona mzima huku mtoto akizaliwa na uzito mdogo. Katika kaunti za ziwa na pwani kliniki za wajawazito hutoa dawa ya kinga kwa ajili hiyo. Nairobi haitolewi kwa kawaida, kwa hiyo taja safari yako bila kungoja kuulizwa.

Ukirudi, andika tarehe. Mimi huiandika nyuma ya mlango, kwa kalamu, na mke wangu ameacha kulalamika. Homa ya malaria kwa kawaida huanza kati ya siku 7 na mwezi mmoja baada ya kuumwa, lakini mwenye kinga kiasi anaweza kuchelewa zaidi. Kwa miezi mitatu, homa yoyote nyumbani ihesabu kuwa ni ya safari mpaka ipimwe. Na ukifika kliniki, maneno yako ya kwanza yawe haya: "Tulikuwa Busia, tumerudi tarehe fulani." Mhudumu wa Nairobi huona mafua na homa ya matumbo zaidi kuliko malaria, na usipomwambia anaweza asiifikirie kabisa.

Kuna upande wa pili ambao watu wengi hawauwazi. Tuseme umekulia Kakamega, umerudi juzi, unakohoa na kifua kinauma. Unatobolewa kidole, kipimo kinasema una malaria. Unapewa vidonge, unakwenda nyumbani, kikohozi kinabaki. Inawezekana vimelea vilikuwa abiria tu, na kilichokuangusha ni nimonia. Kwa mtu wa ukanda wa ziwa, kipimo chanya kinathibitisha kwamba vimelea vipo. Hakithibitishi kwamba ndivyo vilivyoleta homa ya leo. Tibiwa malaria, ndiyo, lakini uliza: "Na kifua, daktari?"

Kipimo chenyewe kina mipaka yake. Kile cha haraka kinatafuta protini ya kimelea kwenye damu. Vimelea vikiwa vichache mno hakivioni, ingawa mbu bado anaweza kuvichota. Na ukishapona, protini hiyo inaweza kubaki wiki kadhaa, kwa hiyo kupimwa tena kwa kipimo hicho hicho baada ya siku kumi ili "kuhakikisha" ni kutupa pesa. Homa ikirudi, omba darubini.

Je, mtu mzima asiye na dalili apimwe kila akirudi? Swali hili huulizwa sana, na jibu langu ni hapana. Huko Siaya watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba, mara tatu kwa mwaka kwa miaka miwili, wakipima kila aliyekubali na kumtibu aliyepatikana na vimelea. Kazi kubwa, mavuno madogo: idadi ya wanaougua haikupungua kwa kiwango cha maana, kwani mbu waliendelea kuambukiza upya. Pesa ya kumpima asiyeumwa kila akirudi inunulie neti.

Lakini ukipatikana na malaria, maliza dozi. Ile ya AL, dawa ya kawaida ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na dozi ya pili inafuata muda wa saa nane baada ya ya kwanza. Wengi huacha siku ya pili homa ikishuka, wakamwekea shemeji vilivyobaki. Nusu dozi inaweza kukuondolea homa ikakuachia vimelea. Hapa watu wa Burma wana bahati: dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikiliwa na chakula chenye mafuta, na supu ya matumbo iko mlango wa pili. Hata ukimaliza, vile vimelea vya kiume na vya kike vilivyokwisha kukomaa vinaweza kubaki na kuambukiza mbu kwa siku kadhaa au wiki. Aliyepona alale ndani ya neti, hasa kama bado yuko mashambani. Na ukienda kutoa damu, waambie wahudumu ulikotoka na lini uliugua. Kimelea husafiri ndani ya chupa ya damu pia.

Jina la soko hili linanikumbusha jambo. Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walipigana nchini Burma, wakashuka bonde la Kabaw, mahali palipoogopwa kwa malaria karibu kama kwa risasi. Majeshi ya Uingereza huko yalimezeshwa mepakrini kila siku, kidonge kilichogeuza ngozi ya wengi kuwa ya manjano. Kilizuia homa ili askari asimame gwarideni, lakini aina nyingine ya kimelea ilijificha kwenye ini, na wako walioangushwa na homa wiki kadhaa baada ya kuacha vidonge. Mzima wa nje si lazima awe mzima wa ndani. Wazee wale waliyajua hayo kabla yetu.

Na usidhani baridi ya Nairobi itatulinda milele. Mwaka 2023 KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilitangaza kwamba mbu aitwaye Anopheles stephensi ameonekana Kenya, huko Marsabit. Alikuwa amegunduliwa Djibouti mwaka 2012, na mwaka 2022 alihusishwa na mlipuko wa malaria mjini Dire Dawa, Ethiopia. Huyu hapendi vinamasi. Anapenda mji, na hutaga kwenye maji safi yaliyohifadhiwa: mapipa, matangi, madumu yaliyokatwa midomo. Tazama nyuma ya vibanda vyetu uone mapipa mangapi hayana kifuniko. Yafunike, na yale ya kuoshea uyamwage na kuyasugua kila wiki.

Rafiki yangu anasafiri tena Ijumaa. Ameshanunua sukari, mkate na majani ya chai vya kupeleka nyumbani. Neti ukiiweka kwenye mizani yake haifiki kilo moja. Itangulie chini ya begi, kabla ya sukari.